Taa ya Wasio na Mtu

Harufu ndiyo iliyotangulia. Dobrila aliingia sebuleni na kikapu cha kuni, akasimama katikati ya zulia akinusa. Ilikuwa harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi, utambi ukifuka na nta ikipoa. Nyumba nzima haikuwa na mshumaa uliowashwa. Alichungulia nyuma ya jiko, akainama chini ya meza, akafungua dirisha, kisha akalifunga upesi kwa sababu Trailo mumewe alikuwa amekaa njia ya upepo, na mjini Bor, mji wa migodi huko Serbia, hakuna ugonjwa, kuanzia jino hadi talaka, ambao haukuanza na upepo wa dirishani.

Trailo hakumwona wala hakumsikia. Alikuwa na hedifoni zake kichwani.

Tuseme kidogo habari za hedifoni hizo, maana ndizo zilizoleta balaa. Trailo alikuwa fundi umeme wa mgodi aliyestaafu, na wenzake walipostaafu wakaingia kwenye uvuvi na kuchemsha rakia, ile pombe kali ya matunda, yeye aliingia kwenye muziki wa peke yake. Hedifoni alizinunua kwa bei ambayo Dobrila hakuambiwa na wala hakuuliza. Zilikuwa kubwa, za mbao na ngozi, na mwanzoni hazikumfurahisha hata kidogo. Alizichomeka kwenye redio, zikanong'ona. Akazichomeka kwenye amplifaya ya kisasa, zikapaza sauti, lakini kwa maneno yake ziliimba kama karani anayesoma risiti.

"Hizi zinataka amplifaya ya vichupa," alimwambia mkewe. "Ni mambo ya kuozesha haya. Binti mzuri ukimpa mume asiyemfaa, atanuna mpaka azeeke."

"Najua unayemsema," alijibu Dobrila, akiendelea kumenya pilipili za kuchoma.

Mume aliyefaa alipatikana kwa mzee mmoja wa Niš. Lilikuwa sanduku zito la chuma, na juu yake vichupa vya kioo vimesimama wima, ndani ya kila kichupa waya mwembamba unaowaka rangi ya chungwa. Ukiliwasha unangoja lipate moto. Siku ya kwanza Trailo alivaa hedifoni, akafumba macho, na machozi yakamtoka bila aibu. Alisema kuwa sasa hasikii wimbo tu, anasikia chumba kizima; anajua nani amesimama wapi, nani yuko karibu na ukuta, nani ameweka glasi mezani.

Kisha mama yake, Persida, akafa.

Alifia hospitali, jioni, Trailo akiwa ameteremka chini kununua kahawa. Kwa watu wa nyumbani kwao, Wavlahi wa milima ile, kufa si msiba mkubwa. Msiba ni kufa bila mshumaa mkononi. Anayekufa bila mwanga anabaki gizani milele, hamwoni jamaa yake aliyetangulia, anapapasa. Mshumaa wa Persida ulikuwa mfukoni mwa koti la mwanawe, na mwanawe alikuwa amesimama mbele ya mashine ya kahawa akitafuta sarafu.

Siku ya arobaini walimfanyia sadaka kama desturi inavyotaka. Meza zilijaa mikate, samaki na rakia, na kila kitu kilitajiwa mwenyewe kwa sauti: huu mkate ni wa Persida, haya maji ni ya Persida. Wageni walipoondoka, Trailo alikaa kwenye kiti chake, akatia kwenye deki kaseti aliyomrekodi mama yake akiimba kwenye harusi ya zamani, akawasha amplifaya. Dobrila alikuwa jikoni anaosha sahani. Alimsikia akisema polepole, "Mama, mwanga huu na sauti hii viwe vyako. Na vya yeyote asiye na mtu wa kumwashia."

Dobrila alilia kidogo juu ya sahani. Aliona ni maneno mazuri. Yeye alizaliwa kwingine, upande wa Kragujevac, na hakujua kwamba maneno mazuri nayo yana mahali pake pa kusemwa.

Harufu ilianza wiki hiyohiyo. Ilikuja kila Trailo alipozima amplifaya, na kila siku ilichelewa zaidi kuondoka. Halafu Trailo akaanza kuitikia. Dobrila alikuwa akifuma soksi kando ya jiko, akamwona mumewe, hedifoni masikioni, akitikisa kichwa kama mtu anayeelezwa njia.

"Ndiyo," alisema Trailo. "Ndiyo, naelewa. Si wewe peke yako."

"Unaongea na nani?"

Dobrila akainuka, akamvua hedifoni sikio moja. Sikio lilikuwa baridi kama chuma cha lango asubuhi ya Januari.

"Trailo, unaongea na nani?"

"Sema chini," alinong'ona. "Wako nyuma ya Mama."

"Akina nani?"

"Zamani nyuma yake kulikuwa na ukumbi. Sahani, viti, mtu anakohoa. Unaikumbuka harusi ile. Sasa sahani hazipo. Kuna watu wamesimama, wanapumua. Jana walikuwa ukutani. Leo wamemfikia mabegani."

"Kaseti imechakaa, Trailo."

"Kaseti haichakai ikaota pumzi," alisema, akalirudisha sikio la hedifoni mahali pake.

Kuanzia hapo mume alianza kumponyoka mikononi, na Dobrila alimwona akienda. Hakula. Supu ya maharage iliganda mbele yake. Hakusikia akiitwa hata hedifoni zikiwa mezani. Ilibidi amguse, na akiguswa aligeuka taratibu, kwa adabu ya mgeni, kama anayejaribu kukumbuka huyu mwanamke ni nani. Walikuwa wameishi pamoja tangu ujana wao, hawakujaliwa mtoto, na katika dunia hii Dobrila hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia kwamba mkate umeungua. Aliogopa, na aliogopa zaidi kwa sababu aliogopa kimya kimya.

Jumamosi moja Trailo alilala mchana, ukungu umeshuka mpaka kwenye miti ya plamu ya uani. Dobrila aliingia sebuleni. Amplifaya ilikuwa inawaka, kaseti imekwisha, hedifoni zimelala mkononi mwa kiti. Akasema moyoni, mimi ni mke wa nyumba hii. Akabonyeza swichi.

Vichupa vilififia. Chumba kilikuwa na mwanga wa ukungu wa dirishani, si giza hata kidogo, na bado alisikia kitu kama watu wengi wanaoshtuka pamoja, pumzi moja inayovutwa ndani, halafu harufu ya mshumaa uliozimwa ikampiga usoni, na kutoka kwenye hedifoni zilizokuwa zimezimwa ukatoka mnong'ono mwembamba, si wimbo, bali mikwaruzo ya nyayo, nyayo za watu wasioona wanaotafuta njia kwa vidole vya miguu, zikatoka kwenye hedifoni zikaja kwenye zulia, zikapita pembeni ya kiti, zikampita yeye kulia na kushoto, na kitu kikagusa kiwiko chake kwa upole, namna kipofu anavyogusa kona ya meza kujua imeishia wapi, kikapanda begani, kikafika sikioni, kikakaa hapo kikipumua baridi, kikingoja.

Dobrila aliwasha tena. Hakujua mkono wake umefikaje kwenye swichi. Vichupa vilipata rangi, na kile kilichokuwa sikioni mwake kikaondoka kikauelekea mwanga.

Jumatatu alikwenda sokoni kwa Paunka.

Paunka aliuza jibini na pilipili kavu, alivuta sigara kama bomba la kiwanda, na watu walimjia pia kwa mambo ya wafu, ambayo hayakuwa na bango. Alikuja nyumbani kwao na basi la mchana, akavua viatu mlangoni, akavaa ndara za wageni, akanusa.

"Mmejaza nyumba," alisema. "Kahawa ipo?"

Alikunywa kahawa yake kwanza. Trailo alikuwa kitini, macho wazi, hedifoni masikioni, midomo inacheza. Dobrila akasimulia yote kwa sauti ya chini, na alipofika kwenye maneno ya siku ya arobaini, Paunka akaweka kikombe.

"Hayo aliyasema hapa? Kwenye kochi?"

"Kwenye kile kiti. Ni vibaya, shangazi?"

"Ni maneno ya nje ya lango la makaburi, mwanangu. Unawasha mshumaa mmoja nje ya uzio, unasema huu ni wa wasio na mtu, unaondoka na hugeuki nyuma. Mshumaa unaisha wenyewe, nao wameshapata, wanakwenda. Huyu mumeo amewakaribisha sebuleni, tena kwa taa isiyoisha. Kila siku anawaita, kila siku anawazimia usoni. Ungekuwa wewe ungekwenda wapi? Ungekaa hapohapo ungoje." Akamtazama Trailo. "Na ni mtoto wa hapa, anajua. Uchungu wa mama umemla akili."

"Nikivunja hivyo vichupa?"

"Vunja, ukae nao gizani. Umeshaonja hapo Jumamosi, sivyo?"

Dobrila aligusa sikio lake.

"Basi tuwatoe. Wanafuata sauti na mwanga. Vyote viwili viende nje, viongozwe na mtu hai, na huko wakute mshumaa wa kweli, unaoisha. Mumeo ana waya mrefu?"

"Shangazi, ni fundi umeme. Ana waya wa kufika Zaječar."

Paunka akacheka mpaka akakohoa. Ilikuwa mara ya mwisho mtu kucheka siku ile.

Paunka alilala hapo, na kesho yake waliandaa mapema, jua likiwa bado nyuma ya mlima. Toroli la kubebea kuni lilisukumwa mpaka sebuleni, juu yake wakaweka amplifaya na deki, waya ukafuata nyuma. Paunka alimfunga Trailo kifundo cha mkono kwa uzi mwekundu wa sufu, ncha nyingine akaifunga kwenye mkono wa jiko. Kutoka mfukoni mwa koti la Trailo akatoa mshumaa wa Persida, uliopinda kwa kukaa humo, akauwasha, akauweka dirishani.

"Huu ni wa Persida," alisema kwa sauti. "Wake peke yake. Chukua, dada, nenda zako."

Sebule ikatulia kidogo, na Dobrila akaona bega la mumewe likishuka.

"Mmoja ameondoka," Paunka alimwambia Dobrila. "Sasa hawa wengine. Vaa hedifoni. Sukuma mpaka nje ya lango, mimi nitakuwa huko na mshumaa. Utasikia watu unaowajua. Usimjibu mtu. Ukifika sema tu, huu ni wa wasio na mtu. Usiongeze, usipunguze, usitaje jina. Kila mmoja atapata mwanga na kuona kwake ni wapi. Aliyekufa atakwenda kwao, aliye hai atarudi kwake. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Sema basi."

"Huu ni wa wasio na mtu."

Paunka alitoka. Dobrila akambandua mumewe hedifoni, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kichwa cha Trailo kilikuwa kitupu, nywele zimelala kwa alama ya ukanda. Akazivaa mwenyewe. Zilikuwa nzito, na baridi yake ikamwingia hadi kwenye meno. Akabonyeza deki.

Alisikia chumba. Trailo hakuwa amedanganya: kilikuwa kikubwa, na kila kitu kilikuwa na mahali pake. Persida hakuimba tena. Mahali alipokuwa amesimama palikuwa wazi, na kupitia uwazi huo wakaja. Dobrila akashika mikono ya toroli, akasukuma. Gurudumu likavuka kizingiti, likashuka kibarazani, likazama katika theluji, na nyuma yake, ndani ya masikio yake, nyayo zikashuka kibarazani vilevile, za watu wengi kuliko nyumba ile ingeweza kubeba, wazee wanaoburuta miguu, mtu mwenye mkongojo, mtoto anayekimbia kidogo na kusimama, kidogo na kusimama, na wote wakipumua juu ya shingo yake. Mtu akamwita kwa jina lake la utotoni ambalo hakuna aliye hai anayelijua. Hakujibu. Mwanamke akamwomba maji kwa lafudhi ya Kragujevac, sauti ya dada yake mwenyewe aliyezikwa bila mwili wake wote kupatikana baada ya mafuriko, akasema Dobrila, geuka tu nikuone, na Dobrila akauma mdomo hadi damu, akasukuma, akaliona lango, akamwona Paunka upande wa pili na mshumaa mnene uliosimamishwa katika bakuli la mahindi, hatua chache tu, waya nyuma umekazana, vichupa vinatetemeka juu ya toroli na mwanga wake wa chungwa unachezea theluji, na hapo, mbele ya wengine wote, karibu kuliko wote, kana kwamba mdomo uko ndani ya hedifoni, akamsikia Trailo.

"Dobrila, na mimi niko hapa."

Toroli likasimama.

"Sioni kitu," alisema Trailo. "Nishike mkono. Wananisukuma."

Aligeuza macho tu, si kichwa. Kupitia dirisha la nyumba alimwona mumewe kitini, uzi mwekundu mkononi, mdomo umefumbwa.

"Njoo!" Paunka aliita. Dobrila aliona midomo yake tu. Akasukuma tena, akavuka lango, akasimama mbele ya mshumaa. Aliwaza mwanga ule utamchukua. Aliwaza Trailo yuko katikati yao, hawezi kutoka, watakwenda naye kama kundi linavyokwenda na kondoo wa jirani. Hofu haikumpa nafasi ya kukumbuka alichoambiwa.

"Huu ni wa wasio na mtu," alisema. Halafu akaongeza upesi, "Isipokuwa Trailo. Trailo ana mtu. Mwacheni."

Pumzi zikatulia. Mshumaa ukainama bila upepo, ukasimama. Nyayo zikaanza kuondoka, moja moja, kuelekea bondeni, sasa zikienda kwa uhakika, kama za watu wanaoona wanapokanyaga. Walingoja mpaka utambi ukazama ndani ya nta na kufa wenyewe. Paunka akaashiria kwa kichwa, Dobrila akazima amplifaya, na hakukuwa na harufu yoyote ila ya theluji na moshi wa kuni.

"Mwishoni pale ulisema nini?" aliuliza Paunka.

"Nilimsikia mume wangu. Nikasema isipokuwa yeye."

Paunka alitafuta sigara mfukoni, akachelewa kuipata.

"Nilikwambia usitaje jina."

"Niliogopa wasimchukue."

"Walikuwa wanapewa mwanga, mwanangu, hawapewi watu. Yeye angeuona mlango wake akaingia ndani. Wewe umewapa wote, yeye umemnyima." Akawasha sigara, akavuta. "Labda kauli yako haikumshika. Mwangalie tu."

Walipoingia, Trailo alikuwa amesimama kando ya jiko, uzi ungali mkononi. "Mbona mmeacha mlango wazi na upepo huu?" alisema. "Kuna supu?"

Dobrila alimkumbatia mpaka akamwambia anamkaba. Alikula sahani nzima, akaongeza. Siku iliyofuata mwenyewe alipeleka amplifaya na hedifoni bandani, akazifunika kwa gunia, hakuziulizia tena. Majira ya baridi yakapita vizuri. Jiko lilikoka mchana na usiku, makaa yakifukiwa majivu, na Trailo alikaa karibu nalo akisoma gazeti kwa sauti na kuwatukana wanasiasa. Kitu kimoja tu kilimshangaza Dobrila: alirudia sigara alizoacha siku nyingi, na hakutoka nje bila sigara inayowaka mdomoni, tena aliwasha mpya kwa moto wa ile inayokwisha. Alimwacha. Alimwona mzima, basi.

Aprili ilikuja na joto la ghafla. Asubuhi ya kwanza ya jua la kweli Dobrila alifungua madirisha, akazoa majivu yote, na kwa mara ya kwanza tangu vuli hakuwasha jiko. Akaweka mezani mkate, jibini na vitunguu vibichi vya bustanini. Trailo akaketi.

"Nilikuwa nataka kukwambia," alianza Trailo, "kuhusu ule mplamu wa..."

Akanyamaza.

"Wa lango?" Dobrila aliuliza akiwa ameinama kwenye kabati. "Umefanya nini?"

Kimya. Akageuka. Trailo alikuwa na kipande cha mkate hewani, macho wazi, sura ya upole ya mgeni. Hakupepesa. Dobrila akamwita. Akamwita tena. Akamshika sikio, na lilikuwa baridi kama chuma, na jikoni mle mlimojaa jua mkaja harufu ya utambi uliozimwa.

Mkono wake ulijua kabla yake. Ulichukua kiberiti juu ya jiko baridi, ukawasha njiti.

"...wa lango," alisema Trailo, na mkate ukaendelea na safari yake mdomoni. "Umechanua mapema. Baridi itaurudia, utaona." Akatafuna. "Mbona umesimama na moto mkononi mchana kweupe namna hii?"

"Natafuta mshumaa," alisema Dobrila.

"Wa nini?"

Dobrila aliutazama moto ukishuka kwenye njiti kuja vidoleni mwake, na kwa mkono mwingine akawa anapapasa ndani ya kiberiti, akihesabu kwa ncha za vidole njiti zilizobaki.